Sekunde Mbili za Houston: Gari, Sheria na Risasi ya Polisi

Tarehe 28 Aprili 2016, kwenye barabara ya kulipia mjini Houston, Texas, askari alilisimamisha gari la kukodi lililokuwa na deni la tozo za barabara. Alimtaka dereva afungue buti, akaifungua. Alipoamriwa ashuke, dereva alifungua mlango lakini hakutoka. Aliwasha injini tena na gari likaanza kusogea. Askari, bastola mkononi, akarukia ukingo wa mlango ule uliokuwa wazi. Sekunde mbili baadaye alifyatua risasi ya kwanza, na ya pili ikafuata mara moja. Dereva alijikaza akalisimamisha gari, kisha akafa. Tangu gari lianze kusogea hadi liliposimama zilikuwa zimepita sekunde tano hivi.

Kesi iliyotokana na tukio hilo, Barnes dhidi ya Felix, ilichukua miaka mingi kufika Mahakama ya Juu ya Marekani, na muda mrefu kati ya hiyo swali lililoulizwa lilikuwa dogo mno. Mahakama ya Rufaa ya Mzunguko wa Tano ilikuwa imejifunga kwa fundisho lake la wakati wa tishio. Kwa mujibu wa fundisho hilo, mahakama hupima hali ya askari pale tu anapofyatua risasi, na yaliyotangulia hayahesabiwi. Ukimtazama mtu aliyening'inia kwenye gari linalokwenda, bila shaka yumo hatarini. Kwa kipimo hicho kesi iliisha kabla haijaanza. Aliyemfikisha pale, na kama palikuwa na haja ya kupanda, ni mambo ambayo fundisho hilo liliyaweka nje ya mlango wa mahakama. Jaji Patrick Higginbotham, aliyeandika hukumu hiyo ya rufaa, aliandika pia maoni yake binafsi akisihi fundisho lenyewe litupwe. Si kawaida jaji kufuata sheria kwa mkono mmoja na kuilalamikia kwa mkono wa pili, na kitendo hicho kinastahili heshima.

Tarehe 15 Mei 2025 Mahakama ya Juu ilikubaliana naye kwa kauli moja. Jaji Elena Kagan aliandika kwamba uhalali wa nguvu iliyotumika hupimwa kwa mazingira yote ya tukio, na kwamba mazingira hayo hayana saa inayoanza kuhesabu pale risasi inapotoka. Nauona uamuzi huo kuwa sahihi, na nauona pia kuwa umeishia njiani. Mahakama ilikataa kujibu swali lililokuwa limebaki mezani: askari aliyejitengenezea hatari mwenyewe anaruhusiwa kuitumia hatari hiyo hiyo kama kinga yake? Hoja ya makala hii ni kwamba jibu ni hapana, na kwamba jibu hilo halipaswi kusubiri majaji. Linapaswa kuwamo katika kanuni za kazi za kila jeshi la polisi, kwa maneno ambayo askari mgeni kazini anaweza kuyakumbuka akiwa ametishika.

Kwanza tuangalie risasi inafanya nini kwa gari, maana sehemu kubwa ya mjadala huu huendeshwa kana kwamba risasi ni breki. Mwezi Machi 2010, kaskazini mwa Texas, dereva mmoja alikuwa akifukuzwa kwa mwendo wa kati ya kilomita 137 na 177 kwa saa. Polisi walikuwa wametandaza kanda za misumari mbele yake ili zitoboe magurudumu. Askari wa doria alisimama juu ya daraja linalovuka barabara, akiwa na bunduki, akaamua kulipiga gari likipita, ingawa hakuwahi kufunzwa mbinu hiyo na msimamizi wake alimtaka asubiri kwanza aone kama misumari itafanya kazi. Alipiga risasi sita. Haukupatikana ushahidi kwamba hata moja iligonga rejeta, boneti au injini. Zilimpata dereva, akafa. Gari lilisonga mbele, likapita juu ya misumari, likagonga ukingo wa katikati na kupinduka mara mbili na nusu. Katika kesi hiyo, Mullenix dhidi ya Luna ya mwaka 2015, Mahakama ya Juu ilimpa askari kinga dhidi ya madai. Jaji Sonia Sotomayor peke yake ndiye aliyepinga, akisema uamuzi huo unabariki utaratibu wa kufyatua kwanza na kufikiri baadaye.

Gari la kilomita 50 kwa saa hutembea karibu mita 14 kila sekunde. Dereva akipigwa risasi kichwani gari halisimami. Linageuka chuma cha tani moja na zaidi kisicho na mtu wa kukiongoza, huku pengine mguu wa maiti umekandamiza mafuta. Abiria aliye kando yake hajatenda kosa lolote. Katika kesi ya Plumhoff dhidi ya Rickard, iliyoamuliwa mwaka 2014, gari lilikuwa limesimamishwa kwa sababu taa moja ya mbele haikuwaka. Dereva alikimbia, mbio zikavuka mpaka wa jimbo la Arkansas hadi Memphis, na askari wakapiga risasi 15. Dereva alikufa, na abiria wake akafa. Mahakama iliona askari hawakuvunja Katiba, kwa hoja kwamba wakishakuwa na haki ya kufyatua hawalazimiki kuacha mpaka tishio liishe. Msomaji mwangalifu atajiuliza vipi taa iliyoungua ilifikia risasi 15, na kwa nini hakuna aliyetakiwa kueleza kila hatua ya safari hiyo.

Wako wanaosema kwamba masharti makali yatawafunga askari mikono na kuwaua. Hofu hiyo ina msingi, na sitaipuuza. Agosti 2024 huko Mougins, kusini mwa Ufaransa, dereva alimgonga na kumuua jendarmi aliyekuwa kwenye ukaguzi wa magari. Katika kesi ya Houston, Jaji Brett Kavanaugh aliandika maoni ya ziada, yaliyoungwa mkono na wenzake watatu, akieleza jinsi kusimamisha gari kulivyo kazi ya hatari na jinsi askari asivyojua anayekimbia anakimbia nini. Yote hayo ni kweli. Lakini hoja kwamba ruhusa ya kufyatua ndiyo inayomlinda askari inaweza kupimwa, na historia imeshaipima.

Agosti 1972, baada ya askari kumuua kwa risasi mtoto aliyekuwa akikimbia kutoka kwenye gari la wizi, Idara ya Polisi ya New York ilitoa amri mpya. Ilikataza kulipiga risasi gari linalotembea, au kufyatua ukiwa ndani yake, isipokuwa waliomo wanatishia kuua kwa kitu kingine mbali na gari lenyewe. Matukio ya polisi kufyatua risasi, ya aina zote, yalishuka kutoka 994 mwaka 1972 hadi 665 mwaka 1973, na yaliendelea kushuka. James Fyfe, aliyekuwa luteni wa idara hiyo kabla ya kuwa mtafiti, alichunguza athari za amri hiyo na hakuona kwamba askari walianza kuumia zaidi. Amri ilikuwa na masharti mengine pia, kwa hiyo si halali kulipa katazo la magari sifa yote. Hata hivyo hoja ya mikono iliyofungwa ilikuwa na nafasi ya kuthibitika katika mojawapo ya miji migumu kwa polisi wa wakati ule, na haikuthibitika. Sababu naiona katika tabia ya mwili zaidi kuliko katika sheria. Askari anayejua hataruhusiwa kufyatua hasimami mbele ya boneti. Anasimama ubavuni, nyuma ya mhimili wa mlango, na gari likiondoka anaruka pembeni.

Ufaransa ilielekea upande wa pili. Oktoba 2016 askari walichomwa moto ndani ya gari lao huko Viry-Châtillon, na polisi wenye hasira wakaandamana usiku katika miji mingi. Sheria ya tarehe 28 Februari 2017 ilikuja baada ya hapo, ikiingiza katika Kanuni ya Usalama wa Ndani kifungu L435-1. Kifungu hicho kinamruhusu askari kufyatua ili kulisimamisha gari ambalo dereva wake amekaidi amri, ikiwa waliomo wanaelekea, wakati wa kukimbia, kuhatarisha maisha ya watu. Uzito wote umelalia kwenye neno hilo, kuelekea. Askari anatakiwa kutabiri kosa ambalo halijatendwa, na adhabu ya utabiri wake ni kifo cha mtu mwingine. Sebastian Roché na wenzake waliolinganisha miaka ya kabla na ya baada ya sheria hiyo walikuta vifo vya risasi za polisi kwa watu waliokuwa ndani ya magari yanayotembea vimeongezeka mara tano. Mwaka 2022 pekee walikufa watu 13 katika matukio ya kukaidi amri ya kusimama.

Kisha ikaja asubuhi ya 27 Juni 2023 mjini Nanterre. Kijana wa miaka 17 aliuawa ndani ya gari. Maelezo ya kwanza yaliyotoka upande wa polisi yalisema gari liliwavamia askari. Video iliyorekodiwa na mpita njia ilionyesha askari wawili wamesimama ubavuni, mmoja amemwelekezea dereva bastola, na gari likiondoka mbele ambako hakuna mtu. Ufaransa iliwaka kwa siku kadhaa. Wengi walijadili magari yaliyochomwa na maduka yaliyoporwa. Wachache walijadili kifungu L435-1. Na haiwezekani kukijadili bila kutaja nani husimamishwa. Uchunguzi uliotolewa Januari 2017 na taasisi ya serikali ya Mtetezi wa Haki ulionyesha kwamba vijana wa kiume wanaoonekana kuwa Weusi au Waarabu wana uwezekano mara 20 zaidi wa kukaguliwa kuliko wengine. Sheria inayomwachia askari nafasi ya kutabiri humwachia pia nafasi ya kutabiri kwa rangi ya ngozi.

Pingamizi lililo zito kuliko yote linatoka Ufaransa hiyo hiyo. Usiku wa 14 Julai 2016 mjini Nice, mtu aliliingiza lori katikati ya umati na kuua watu 86. Alisimamishwa na risasi za polisi. Katazo lisilo na mlango lingemwacha aendelee, na hakuna mwandishi mwaminifu anayeweza kulitetea. Lakini Nice ina sura yake. Kule gari lilikuwa linaua watu ambao hawakuwa na pa kukimbilia, na dereva alikuwa akiwatafuta. Kwa dereva anayetafuta upenyo wa kutokea, aliye na deni la tozo au taa iliyoungua, mfano wa Nice hautufundishi kitu. Sera iliyotolewa na Wizara ya Sheria ya Marekani mwezi Mei 2022 kwa maofisa wa serikali kuu ilijaribu kuchora mstari huo: wasifyatue ili tu kulilemaza gari, na gari likitishia maisha wasifyatue ikiwa ipo njia nyingine ya kujikinga, ikiwemo kutoka kwenye njia yake. Maneno hayo ya mwisho yana thamani kuliko kurasa nyingi za hukumu, kwa sababu yanahesabu hatua za miguu ya askari kama sehemu ya sheria.

Kwetu Afrika Mashariki jambo hili limeshafika mahakamani. Usiku wa 23 Oktoba 2022, mwandishi wa habari wa Pakistan Arshad Sharif, aliyekuwa amekimbilia Kenya miezi michache kabla, aliuawa na polisi akiwa abiria katika gari kwenye kaunti ya Kajiado. Polisi walisema gari lilipita kizuizi bila kusimama na kwamba lilidhaniwa kuwa jingine lililoripotiwa kuibwa Nairobi. Julai 2024 Jaji Stella Mutuku wa Mahakama Kuu ya Kajiado aliamua kwamba mauaji hayo yalikiuka haki ya kuishi, akaagiza familia ilipwe shilingi milioni 10. Tuchukue maelezo ya polisi kama yalivyo, tusiongeze wala kupunguza: gari limeshapita kizuizi. Maana yake askari waliokuwa pale hawakuwa tena mbele yake. Na hata lingekuwa ndilo lililoibwa, wizi wa gari si kosa ambalo askari anaruhusiwa kulihukumu kwa kifo gizani, bila kujua nani ameketi ndani.

Kanuni za Msingi za Umoja wa Mataifa zilizopitishwa Havana mwaka 1990 zinasema silaha ikusudiwe kuua pale tu isipoepukika kabisa ili kuokoa maisha. Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya Kenya ya mwaka 2011, katika Jedwali lake la Sita, inafuata roho hiyo kwa kutaka njia zisizo za nguvu zitangulie. Kinachokosekana ni sentensi inayolitaja gari. Askari wa kizuizini, saa nane usiku, hawezi kuitoa mwenyewe kutoka kwenye maneno ya jumla kuhusu ulazima na uwiano. Mahakama zenyewe za Marekani zimehangaika nayo tangu uamuzi wa Garner wa 1985 uliokataza kumpiga risasi mtoro asiye hatari. Sentensi hiyo iseme kwamba gari linalokimbia halipigwi risasi, kwamba askari hajiweki mbele yake, na kwamba akijiweka bila ulazima hatari hiyo haitahesabiwa kuwa utetezi wake. Iongeze mlango mmoja mwembamba, wa gari linaloelekezwa kwa watu wasio na pa kukwepea. Halafu ifundishwe uwanjani, kwa miguu, ili kila kuruta anayehitimu chuo cha polisi cha Kiganjo awe anajua, kabla hajapangiwa kizuizi chake cha kwanza, asimame wapi gari linapokuja na afanye nini lisiposimama: atoke njiani, aandike namba, aite kwa redio askari wa kizuizi kinachofuata.