Ndugu Yake Uhuru

Setilaiti Uhuru ilikuwa na bahati ya jina. Ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikitimiza miaka saba ya uhuru, kutoka San Marco, jukwaa la Waitaliano lililosimama baharini karibu na Ngomeni, kaskazini mwa Malindi. Ndugu yake, SAS-2, alifuata kutoka hapohapo Novemba 1972. Huyu hakupewa jina la Kiswahili, na pengine ndiyo maana tumemsahau.

Swali alilobeba lilikuwa la zamani. Tangu 1912 ilijulikana kwamba Dunia hunyeshewa na chembe ziitwazo miale ya kosmiki. Zinatoka wapi? Kwa kuwa zina chaji, usumaku wa galaksi huzipinda njiani, na zikitufikia hazituonyeshi tena kwao. Mwaka 1952 Mjapani Satio Hayakawa alieleza kwamba zikigonga gesi iliyotanda kati ya nyota huzaa pioni, na pioni isiyo na chaji huvunjika mara moja ikatoa miale ya gama. Gama haipindwi. Anayepima mng'ao wake uliosambaa angani anaona mahali chembe na gesi vinapokutana.

Kuupima ndiyo kazi. Explorer 11, mwaka 1961, iliambulia miale 22 tu. OSO-3, mwaka 1967 na 1968, ilipata 621, mingi ikitoka kwenye ukanda wa galaksi yetu. SAS-2 ilikusanya takriban 8,000 kabla umeme wake haujaharibika Juni 1973, na kwa mara ya kwanza ukanda ule ukaonekana kwa undani: ulikuwa na maumbo yaliyolingana na mikono ya galaksi yenyewe.

Kwa nini Ngomeni? Adui wa kipimo hiki ni miale ya kosmiki yenyewe: inazaa ushahidi, kisha inakifunika kifaa kwa kelele. Juu ya ikweta, usumaku wa Dunia huirudisha nyingi, na roketi ndogo ikirushwa jirani na ikweta huifikia njia hiyo bila kupoteza nguvu kwa kukata kona.

Basi mchango wa pwani yetu ulikuwa mahali. Vifaa vilikuwa vya Wamarekani, jukwaa la Waitaliano, na matokeo yakachapishwa mbali na hapa. Mahali hapaandikwi miongoni mwa waandishi wa makala ya sayansi. Lakini bila mahali pale, kelele ingekuwa kubwa zaidi. Kwangu hiyo inatosha kuidai sehemu yetu katika historia hii, na haitoshi kuridhika nayo.