Mila ya Kufa na Mfalme: Oyo Kabla ya Pilkings

Mwaka jana niliandika insha juu ya tamthilia ya Wole Soyinka, Death and the King's Horseman (1975). Kila aya nikaipachika "mgongano wa tamaduni", nikijua alama zangu nimeshazitia kibindoni. Mhadhiri akanirudishia karatasi na swali moja pembeni: "Mila ya nani, na ya mwaka gani?" Makala haya ni jaribio la kulijibu.

Kisa chenyewe tunakifahamu. Mwishoni mwa 1944 Alaafin Siyanbola Ladigbolu, mfalme wa Oyo katika nchi ya Wayoruba, alifariki. Mkuu wa farasi wake alipaswa kujiua amfuate bwana wake. Mwanzoni mwa 1945 ofisa wa Kiingereza akamzuia, na mwanawe akajiua badala ya baba. Duro Ladipo alikitungia kisa hicho tamthilia ya Kiyoruba, Oba Waja. Soyinka akafuata, na ofisa wake akamwita Pilkings. Katika dibaji Soyinka anatuonya tusiusome mchezo kama mgongano wa tamaduni. Sisi tunausoma hivyo hivyo, eti kwa kuwa yumo Mzungu!

Sasa turudi nyuma. Oyo ya kale haikuwa na mfalme wa kufanya apendavyo. Baraza la wakuu saba, Oyo Mesi, chini ya Bashorun, liliweza kumkataa Alaafin, naye akikataliwa ilimpasa ajiue. Mwanawe wa kwanza, Aremo, alishiriki madaraka baba akiwa hai, lakini baba akifa, na yeye hufa. Kijuujuu ni ukatili mtupu. Lakini hebu fikiri, mrithi gani atamtilia baba yake sumu ikiwa siku yao ya kufa ni moja? Mila ilikuwa breki ya madaraka.

Alaafin Atiba, aliyeijenga Oyo mpya katika miaka ya 1830 baada ya mji wa kale kuachwa, ndiye aliyeifuta mila ya Aremo. Alipofariki mwaka 1859, mwanawe Adelu hakufa, alitawazwa. Ibadan ikamkubali. Kurunmi, mtawala wa Ijaye, akakataa katakata: mila imevunjwa. Palikuwapo pia ugomvi wa ukubwa baina ya miji hiyo miwili, na 1860 vita vikawaka. Kurunmi alifariki 1861, na 1862 Ijaye ikaangamizwa. Ola Rotimi amekiigiza kisa hiki katika Kurunmi (1971). Na tazama kinaya: mtetezi huyo wa mila alikuwa jemadari aliyeitawala Ijaye kwa mabavu, bila breki ya baraza kama la Oyo.

Basi watu wa Oyo walishabishana, hata wakauana, juu ya nani afe na mfalme, bila kumsubiri Pilkings. Kwa mtazamo wangu, kosa la Pilkings si kugusa mila. Atiba naye aliigusa. Tofauti ni kwamba uamuzi wa Atiba uligombaniwa na wenye mila wenyewe, nao wakalipa gharama yake. Pilkings anaamuru Elesin akamatwe huku akijiandaa kwenda dansini, mavazi ya egungun, yaani ya mizimu ya Wayoruba, kayafanya vazi la sherehe. Hakuuliza mtu, na gharama akalipa Olunde, mtoto wa mwenzake.

Mila ya nani? Ya watu wa Oyo. Ya mwaka gani? Inategemea umemuuliza Atiba au Kurunmi.