MTOTO WA TENGERU – Sehemu ya Tano

ILIPOISHIA: Profesa mstaafu ametua Arusha kutoka Kanada na bahasha yenye karatasi za kuasiliwa kwake. Anatafuta kaburi la mama yake mzazi. Mlinzi wa makaburi ya Wapolandi pale Tengeru amefungua geti, kisha akasita. "Bibi, kabla hujaingia, kuna jambo lazima nikuambie."

SASA ENDELEA...

"Jambo gani tena, mwanangu?" Profesa aliuliza. Kiswahili cha utotoni kilikuwa karibu kumtoka kabisa, akakinoa upya alipostaafu.

"Bora ulione mwenyewe," mlinzi alisema, akatangulia na fagio lake begani.

Walipita katikati ya safu za makaburi. Ng'ombe wa chuo cha mifugo walisikika ng'ambo ya ua. Hapa ndipo, kuanzia mwaka 1942, Waingereza waliwapa hifadhi Wapolandi wapatao 5,000, wengi wao wanawake na watoto. Wasovieti waliwang'oa makwao wakawapeleka Siberia. Walioponea huko walivuka Uajemi, wakaishia kwenye nyumba za msonge chini ya Mlima Meru. Wengine hawakuondoka tena.

Mlinzi alisimama. "Mama yako huyu hapa."

Profesa alipiga magoti. Jina lilikuwa lilelile la kwenye karatasi zake. Alikaa kimya kwa muda, kisha mkono wake ukateka udongo pembeni ya kaburi, akausaga kwa vidole. Udongo mweusi wa volkano. Taaluma ya udongo ndiyo iliyomlisha maisha yake yote.

Mwaka 1949, yatima wapatao 150 walitolewa Tengeru. Serikali ya kikomunisti ya Polandi iliwadai, ikilalamika kwamba wanatekwa. Wakapitishwa Mombasa, Italia na Ujerumani, hadi meli ikatia nanga Halifax, Kanada. Wengi walipelekwa shule za bweni huko Quebec. Yeye, kwa udogo wake wa miaka saba, alichukuliwa na mtu na mkewe waliokuwa na shamba la viazi. Wakamwasili, wakampa jina jipya. La zamani likabaki kwenye bahasha.

Shambani kwa baba yake mlezi alianza kuuliza kwa nini udongo wa huko hauzai kama ule anaoukumbuka. Swali hilo lilimfikisha kwenye shahada ya uzamivu, kisha uprofesa. Alipostaafu, wenzake walitegemea atulie nyumbani. Wapi! Asubuhi alikuwa akiwafundisha watoto wa wahamiaji kulima bustani za shule, na usiku akipekua nyaraka za kambi ya Tengeru.

"Asante, mwanangu," alimwambia mlinzi, akijifuta macho. "Hili ndilo lililonileta."

"Silo nililotaka kukuonyesha, Bibi."

Mlinzi aliinama, akafagia majani makavu yaliyofunika kaburi la pili, dogo, lililobanana na la mama. Jiwe lilikuwa na utando wa kijani. Profesa alitoa kisu chake cha kuchimbia sampuli za udongo, akaukwangua taratibu.

Herufi ya kwanza ilijitokeza. Ya pili. Ya tatu.

Kisu kikamponyoka.

Lilikuwa jina lake la kuzaliwa, lile la kwenye bahasha, bila kupungua herufi. Tarehe ya kuzaliwa nayo ilikuwa yake, 1942. Mwaka wa kufariki: 1948.

"Huyu mtoto alikufa kabla hatujasafiri," alinong'ona. "Sasa mimi niliyepanda meli ni nani?"

"Nilidhani wewe ungenijibu," mlinzi alisema. Alichomoa kitabu cha wageni kutoka kwapani, akakifungua ukurasa wa mwisho. "Juzi alikuja bibi mwingine, mzungu kama wewe. Akaweka maua hapahapa kwenye kaburi dogo. Soma alivyoandika kwenye nafasi ya uhusiano na marehemu."

Profesa alivaa miwani. Mwandiko ulitetemeka, lakini ulisomeka: *Dada.*

"Bado yupo Arusha," mlinzi aliongeza. "Aliniachia namba. Akasema akitokea mtu yeyote wa kuliulizia jina hili, nimpigie hata kama ni usiku wa manane."

Simu ilikuwa tayari inaita. Upande wa pili ikapokelewa, na kabla mlinzi hajatoa salamu, sauti ya kizee ikauliza kwa Kiswahili:

"Amekuja yule aliyeiba jina la mdogo wangu?"

Je, nani alimpandisha Profesa melini kwa jina la marehemu, na yeye ni mtoto wa nani? Usikose Sehemu ya Sita, Jumamosi ijayo.