Tameshigiri ni Nini? Kutoka Mkeka wa Japani Hadi Jiwe la Tabaka

Bila shaka umecheki ile video: msee ameshika upanga mrefu, mbele yake kuna mkeka uliokunjwa na kusimamishwa. Anavuta pumzi, anakata mara moja, kipande kinateleza chini. Halafu wewe uko ushago Nyamira, unaangalia panga la nyumbani na mgomba nyuma ya jikoni, unajiambia, "Hata mimi naweza." Tulia kwanza, soma hii.

Ilianza aje?

Mchezo huo unaitwa tameshigiri, yaani kukata kwa kujaribu. Enzi za Edo, kati ya 1603 na 1868, kilichopewa mtihani kilikuwa upanga wenyewe. Na haikuwa mikeka tu. Miili ya wahalifu waliouawa kwa hukumu ilitumika pia, na familia ya Yamada Asaemon ndiyo ilijulikana kwa kazi hiyo chini ya shogun. Matokeo yalichongwa kwenye mkia wa upanga, ile sehemu inayojificha ndani ya mpini. Noma, lakini ndiyo historia.

Mwaka 1876 serikali ya Japani ilikataza raia wengi kubeba panga hadharani. Leo anayejaribiwa ni mtu, si chuma.

Siri iko wapi?

Mkeka wa tatami unalowekwa majini, unakunjwa, kisha unasimamishwa kwenye kigingi. Wengine huweka mwanzi katikati uwe kama mfupa. Kinachotafutwa kinaitwa hasuji: makali yaelekee palepale upanga unapoelekea. Ukikosea kidogo tu, upanga unakwama, na unaweza hata kupinda. Misuli haikusaidii hapo.

Si Wajapani peke yao. Waturuki wa enzi za Ottoman walipimana kwa kukata sufu iliyoshindiliwa, na Wakorea hukata mianzi na majani yaliyofungwa pamoja.

Sasa rudi Kisii

Mgomba ukishazaa, shina linaangushwa na kukatwakatwa ng'ombe wale. Cheki mtu mzoefu: panga linashuka kwa mshazari, linapita bila kelele. Mgeni akijaribu, anapiga kama anayebomoa ukuta, panga linanasa katikati. Hiyo ni hasuji, ni vile tu hakuna aliyeipa jina. Lakini usijiite samurai bado, shina la mgomba ni maji mengi na linasamehe.

Jiwe halisamehi. Kule Tabaka, mchongaji wa mawe ya Kisii huanza kutoa umbo kwa panga, kisha anaingia na kisu kidogo. Jiwe hukatika vizuri likiwa bado na unyevu. Baadaye linasuguliwa kwa msasa na maji, kazi ambayo mara nyingi hufanywa na akina mama, halafu linapakwa nta ling'ae. Pigo moja likizidi, sikio la kiboko limeenda, na kazi ya siku nzima imeenda nalo.

Ujuzi huo umesafiri. Mwaka 1975 au 2025, mtalii anayenunua kiboko hauoni. Anaona bei tu. Lakini mwaka 2014, Kenya ilipoalikwa pamoja na China kwenye tamasha la utamaduni la Smithsonian kule Washington, mchongaji Elkana Ong'esa alikuwa miongoni mwa waliokwenda. Watu wakaona mkono ukifanya kazi, si kinyago kilichomalizika.

Kabla ujaribu

Upanga wa pambo la ukutani usiutumie kabisa. Mkia wake mara nyingi ni mwembamba, na chuma kinaweza kuchomoka kwenye mpini kikaruka. Kama ni panga, hakikisha mpini haujalegea. Asisimame mtu mbele, nyuma wala kando yako, hata huyo beste anayekurekodi. Miguu iwe mbali na njia ya makali. Ukichoka, weka chini, kwa sababu ajali hupenda mkono uliochoka.

Na ukienda ushago wikendi, kabla ya kutafuta mwalimu wa samurai kwenye simu, mwombe sokoro akuonyeshe vile anakata mgomba. Usiangalie panga. Angalia kifundo cha mkono wake.