Khabari za Mashamba ya Kibombo

Mji wa Kibombo, ulio kusini mwa Kindu nchini Kongo, juu ya njia ya reli iendayo Kongolo, una ardhi ya tabia mbili: mwinuko wenye udongo mwekundu, mkongwe na mchachu, ulionyonywa rutuba na mvua za dahari nyingi, na mabonde yashukayo kwenye Lualaba na vijito vyake, ambamo maji hutuama juu ya udongo wa mfinyanzi hata muhogo ukaoza kabla ya kukomaa.

Kaida ya wakulima wa zamani, Wakusu na majirani zao, ilikuwa kufyeka mwitu, kuuchoma, na kupanda mihogo, mahindi, migomba na karanga mahali pamoja, kisha baada ya misimu michache kuurudishia mwitu haki yake kwa miaka mingi. Waungwana waliofuatana na wafanya biashara wa Pwani, ambao msafiri Livingstone aliwakuta katika mji wa Nyangwe mwaka 1871, walizidisha mpunga, na hata dola ya wafanya biashara hao ilipovunjwa mwaka 1893 mpunga ulibaki. Aghalabu, katika mashamba hayo yaliyoonekana fujo machoni pa mgeni, ardhi haikukaa uchi muda mrefu.

Taksiri iliingia na pamba. Amri ya Wabelgiji ya mwaka 1917 iliruhusu mwanakijiji kulazimishwa kulima zao la serikali hadi siku 60 kwa mwaka, na wakati wa vita, mwaka 1942, siku hizo zikafanywa 120. Pamba ilitakiwa ipandwe kwa mistari iliyonyoka na kupaliliwa mpaka pasisalie jani baina yake. Na mtu aliyetumikishwa hivyo atapata wapi wasaa wa kufyeka mwitu mpya? Alirudia shamba lile lile. Tone la mvua lipigapo udongo mtupu huvunja chembe zake, vumbi laini likaziba vitundu vya kupitishia hewa na maji, pakafanyika gamba gumu. Mwinukoni maji yakakimbia na rutuba, bondeni yakasimama.

Insafu yataka isemwe kwamba wataalamu wa INEAC, taasisi ya kilimo iliyoundwa mwaka 1933 na kuweka makao yake Yangambi, waliliona jambo hili. Katika mashamba ya mpira na michikichi walieneza pueraria, mmea utambaao wa jamii ya kunde, ili ardhi isikae wazi chini ya miti. Nami sioni kwamba walivumbua kitu kigeni: walirudia kwa njia ya maabara kaida ambayo serikali yao ilikuwa imeiharamisha kwa njia ya kiboko.

Faida ya mimea ya jamii ya kunde yaonekana kwa macho. Ng'oa kunde inayochanua, osha mizizi, nawe utaona vinundu vidogo. Kipasue kimoja kwa ukucha, na kikiwa chekundu ndani, basi kinafanya kazi ya kuchukua naitrojeni hewani na kuilisha mmea, na majani yakioza udongo nao hupata fungu lake. Mizizi ikifa huacha mianya ya kupitia maji, na nyungunyungu huipanua.

Walakini si kila mmea wafaa kila mahali. Mukuna, nayo ya jamii ya kunde, hushinda magugu makali ya mwinukoni, lakini haivumilii maji yaliyotuama, na mbegu zake zina sumu zisipotayarishwa kwa uangalifu; ndiyo maana mama mwenye watoto husita kuipa shamba lake. Pueraria hustahimili unyevu zaidi, ila hailiwi na watu, nayo isipokatwa hupanda juu ya mazao. Kunde na karanga hufunika kidogo kuliko hizo, lakini huingia chunguni, na kwa maskini hiyo ni hoja kubwa.

Kwa hiyo mwenye shamba la bondeni na achimbe mtaro kwanza, kwani hakuna jani liwezalo kuondoa dimbwi. Kisha, mara avunapo mpunga, apande kunde juu ya matuta kabla ardhi haijakauka kwa kiangazi cha Juni.