Nani Ataketi Barazani? Nyumba za Kifahari Kando ya Ziwa Mweru

Anayesafiri leo kutoka Mansa kwenda Nchelenge huisoma historia ya utajiri wa bonde la Luapula kwenye mapaa na kuta. Kuna nyumba za udongo zilizoezekwa nyasi na nyumba za matofali ya kuchoma zenye bati. Katikati yake zinainuka nyumba mpya zenye madirisha mapana ya vioo, dari za jipsamu, sakafu za vigae na ukuta mrefu wenye geti. Wengi huziita nyumba za kisasa, kana kwamba zamani watu wa ziwani hawakuujua ufahari. Mimi niliyekulia Kashikishi nadai kinyume: ufahari ni wa zamani hapa. Kilichobadilika ni nafasi ya mgeni.

Tuanze na Mwata Kazembe. David Livingstone aliliona Ziwa Mweru Novemba 1867, na mwezi huohuo akapokelewa katika makao ya Mwata. Aliandika kwamba ua ule ulikuwa na urefu wa yadi 300 na upana wa yadi 200, umezungushiwa matete marefu, na ndani yake ilisimama nyumba kubwa mno ya Mwata pamoja na vibanda kama 20 vya watumishi. Fahari haikuwa katika mawe wala vioo. Ilikuwa katika upana wa ua, kwa kuwa ua ulipaswa kuutosha umati. Lakini tusiupambe. Langoni palikuwa na mafuvu ya watu, na Livingstone aliwaona watu waliokatwa masikio na mikono. Watu waliitwa ndani ili wamwone mtawala, na pia ili wamwogope.

Mwaka huohuo Tippu Tip alimshinda Nsama wa Itabwa, nchi iliyo kati ya Mweru na Tanganyika, akapata shehena kubwa ya pembe za ndovu. Kisa hicho alikisimulia mwenyewe kwa Kiswahili katika habari za maisha yake. Nyumba yake bado ipo Shangani, Unguja, na mlango wake wa nakshi. Hapo historia yetu na ya pwani zinakutana: sehemu ya utajiri wa nchi ya Mweru ilibebwa mabegani mwa watu, ikaenda kuneemesha mji wa mbali.

Hata hivyo, mji ule ulikuwa na kitu ambacho mtu wa Luapula angekitambua: baraza, yaani benchi la mawe na chokaa lililoshikamana na ukuta upande wa njia. Mpita njia aliketi pale akazungumza hata kama hakuvuka kizingiti. Kwetu kazi hiyo ilifanywa na insaka, banda lisilo na kuta ambamo wanaume walikula pamoja, walisuluhisha kesi na kuwafunza vijana.

Kisha vifaa vilibadilika. Wamisionari wa London Missionary Society walifungua kituo Mbereshi mwaka 1900, na tofali likawa alama ya maendeleo. Enzi za ukoloni, wafanyabiashara wa Kigiriki waliokuwa Kasenga, upande wa Kongo, walinunua samaki na kuwapeleka Elisabethville, mji wa migodi ambao leo ni Lubumbashi. Fedha ya samaki ndiyo iliyomwezesha mvuvi kununua bati, na bati likamtofautisha na jirani wa nyasi.

Leo mitindo ya zamani inarudi kama pambo. Lamu na Unguja, hoteli na nyumba za matajiri huiga zidaka na milango ya nakshi. Lusaka, insaka ya makuti au nyasi hujengwa bustanini, karibu na jiko la kuchomea nyama. Umbo limerudi, lakini limewekwa nyuma ya geti. Anayeketi humo amealikwa kwa simu.

Nilimweleza hoja hii shangazi yangu, mchuuzi wa chisense, ambaye anajenga nyumba ya vigae na ukuta. Akacheka. "Mwanangu, hiyo insaka mnayoililia ilikuwa ya wanaume. Mimi nilipeleka sahani ya ugali nikarudi jikoni. Sasa nina sebule yangu, naketi ninapotaka." Kuhusu ukuta alisema samaki wakavu ni fedha, na fedha hailali nje. Sikuwa na jibu la kuipindua hoja yake. Lakini nje ya geti, chini ya mwembe, ameacha nafasi ya benchi refu kwa wanawake wanaosubiri mizani.

Kwa hiyo sisemi tubomoe kuta au turudi kwenye nyasi. Ua wa Mwata ulikuwa na hofu yake, baraza za Unguja zilikuwa na damu ya pembe, na insaka ilimbagua mwanamke. Nasema tu kwamba wanaotuchorea nyumba za kifahari hujibu maswali kuhusu dari, vigae na rangi, ilhali wazee wetu walijibu kwanza swali la nani ataketi wapi. Jibu lao halikuwa la haki kwa wote. Letu linaweza kuwa bora, lakini si kama tutaacha kuuliza swali lenyewe.