Mshale, Pete na Ndege wa Novemba

Kabla ya pete kulikuwa na mshale. Mwaka 1822, karibu na mji mdogo wa Klütz, kaskazini mwa Ujerumani, korongo mweupe alipigwa risasi akaanguka. Waliomwokota walikuta amechomwa shingoni na mshale wa mti, urefu wake kama sentimeta 80, na mshale wenyewe si wa Kizungu. Ulikuwa wa Kiafrika. Yaani ndege yule alipigwa huku barani kwetu, asife, akaruka na mti shingoni hadi Ulaya, akaja kuuawa na mwingine. Mpaka leo yuko amekaushwa katika Chuo Kikuu cha Rostock, na mshale wake bado umo.

Usicheke, msomaji. Siku zile wasomi wa Ulaya walikuwa hawajaafikiana korongo na mbayuwayu wanakwenda wapi baridi ikianza. Wapo walioshikilia kwamba wanalala chini ya matope ya maziwa. Mwingereza mmoja wa karne ya 17, Charles Morton, aliandika kabisa kwamba wanahamia mwezini! Mshale ule ulimaliza ubishi mwingi. Lakini angalia: korongo ana jina vitabuni na ana kabati lake la kioo. Aliyevuta upinde hana jina wala kijiji. Mimi ni mtu wa Sepuka, na kwetu upinde si kitu cha makumbusho, mababu zetu walilala nao. Basi jambo hili linanikera kuliko linavyowakera walioniazima vitabu.

Pete ililetwa na mwalimu wa shule. Hans Christian Mortensen, wa mji wa Viborg huko Denmark, alijaribu kwanza pete za zinki mwaka 1890, akaona ni nzito. Mwaka 1899 akatumia alumini, akawavisha kwezi miguuni. Kila pete ilikuwa na namba na anwani, basi. Ndege akawa barua inayoruka, na yeyote atakayemwokota ajue pa kuirudisha. Miaka miwili baadaye Johannes Thienemann akaanzisha kituo cha ndege huko Rossitten, pwani ya Baltiki, sehemu ambayo zamani ilikuwa Ujerumani na sasa ni Urusi. Korongo wakavishwa pete kwa wingi, na pete zao zikaanza kurudi kwa posta kutoka Afrika.

Nikiziweka tarehe hizi pembeni ya zetu nashindwa kutulia. Wakati huohuo Wajerumani walikuwa wanatawala Tanganyika. Kodi ya nyumba ilikuwa inadaiwa, na kusini vita vya Maji Maji vilipiganwa kuanzia 1905 hadi 1907. Korongo alipita juu ya yote hayo na namba yake mguuni, na huko kwao kulikuwa na mtu anayemsubiri na daftari. Waliokufa chini yake, wengi wao hatujui hata idadi.

Waingereza nao hawakukaa nyuma. Mei 1911 John Masefield wa Staffordshire alimvisha pete mbayuwayu aliyejenga nyumbani kwake. Desemba 1912 mbayuwayu yuleyule akakamatwa ndani ya nyumba ya shambani huko Natal, Afrika Kusini. Ndege wa gramu 20 hivi! Ukimweka kwenye mizani ya duka la mangi, mshale wa mizani hautikisiki.

Sasa twende jirani. Mahali ambapo kazi hii imefanywa kwa wingi zaidi Afrika Mashariki ni Ngulia, ndani ya hifadhi ya Tsavo Magharibi, Kenya. Mwaka 1969 ilifunguliwa hoteli ya watalii juu ya mteremko mkali, ikawekewa taa kali ili wageni waone wanyama usiku. Hakuna aliyekusudia ndege. Lakini kumbe ndege wadogo wanaotoka Ulaya na Asia husafiri usiku. Wanaondoka kwao mwezi wa nane au wa tisa, joto linapopungua, wanavuka Uarabuni, wengi wanasimama majuma kadhaa Sudan na Ethiopia, halafu Novemba na Desemba wanateremka kusini. Usiku usio na mbalamwezi, ukungu ukifunika vile vilima, wanapoteza njia, wanaifuata taa. Kukipambazuka vichaka vimejaa wageni.

Hapo watu wa pete wanakuwa wameshatandaza nyavu. Nyuzi zake ni laini mno, ndege hazioni, anaingia na kudondokea kwenye mfuko wa wavu wenyewe. Anachomolewa taratibu, miguu kwanza au kichwa kwanza kutegemea alivyojinasa, anatiwa kwenye kifuko cha kitambaa ili gizani atulie. Mezani pana koleo dogo, rula na mizani. Pete inabanwa mguuni, bawa linapimwa, uzito unaandikwa, mkono unafunguliwa, huyoo! Asubuhi ikikubali wanavishwa zaidi ya ndege 1000. Tangu 1969 jumla imepita laki nne. Wanaopatikana tena ni wachache sana, ila hao wachache ndio waliochora njia nzima, toka Ulaya na Uarabuni hadi kusini mwa Afrika. Yupo hata ndege wa vinamasi vya Iraki ambaye watu wengi wasingejua kwamba anapita huku kama si nyavu za Ngulia.

Nyavu hizo, kwa taarifa yako, hazikubuniwa na wanasayansi. Ni za wawindaji wa Japani, waliotega ndege wa kula. Wataalamu waliziazima tu.

Na sisi Singida tunajua kutega. Vuli ya watu wa pwani hatuna, mvua yetu ni msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba mpaka Aprili. Mtama ukianza kukomaa wanakuja kweleakwelea. Mmoja anakula kama gramu 10 kwa siku, kwa hiyo kundi la milioni moja linamaliza tani 10. Mtoto wa Sepuka anajifunza kombeo na kupiga debe kabla ya kujifunza kusoma. Majirani zetu wa Kondoa wanawatega, wanawala na kuwauza, na mimi naona wana akili kuliko ndege ya serikali inayomwaga sumu jioni, maana sumu haichagui. Ukimwambia mtu wa huku kwamba kuna watu wanaamka alfajiri, wanakamata ndege elfu moja, halafu wanawaachia wote, atakuuliza kama wana njaa au hawana.

Mjomba wangu aliwahi kumwokota korongo mweupe mbugani, amekufa, ana pete mguuni. Maandishi yalikuwa ya kigeni. Wazee wakamwambia achana nayo, hiyo ni mali ya serikali, na kama si ya serikali ni ya uchawi. Wasilaumiwe: mwaka 2013, huko Qena nchini Misri, korongo aliyefungwa chombo cha kumfuatilia aliwekwa kizuizini kwa kudhaniwa jasusi. Mjomba alikata pete akaitia kwenye kikopo cha ugoro. Baadaye mwanawe akaivaa shingoni kwa uzi mpaka ikapotea.

Angeandika barua angeulizwa mambo manne tu: namba, tarehe, mahali, na alimkutaje. Kisha angejibiwa korongo wake alizaliwa wapi na alikuwa na umri gani. Heroe mmoja aliyevishwa pete akiwa kinda Ziwa Magadi mwaka 1962 aliokotwa Bogoria baada ya miaka zaidi ya 50, na tunalijua hilo kwa sababu aliyemwokota alisema. Ya mjomba haimo kwenye daftari la mtu yeyote. Huko Ulaya korongo yule anahesabiwa hajulikani alipo, na huku mjomba hajui alitoka wapi, ingawa kila nikienda ananiuliza, kana kwamba kusoma kwangu hadi kidato cha nne kungetosha.

Nimemweleza habari za mshale wa 1822. Alinyamaza kidogo, akauliza yule mpiga upinde alikuwa kabila gani. Siku hizi korongo wakishuka mbugani kufuata viwavi jeshi, anaacha jembe na kuwatazama miguu, mmoja mmoja.